Mvuvi Mzee na Kibao cha Baba Yake

Mfanyakazi wa serikali anapotimiza umri wa miaka 60, sheria humtaka apumzike. Wenzake humkusanyikia, hotuba husomwa, zawadi hutolewa, naye hurudi nyumbani akijua kwamba mwisho wa mwezi, kiwe kidogo au kingi, kitu kitaingia mkononi. Haki hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Wafanyakazi waliidai na kuipigania, nasi twaiona kuwa ni haki njema. Lakini wako wafanyakazi wengine, tena wengi sana, ambao hakuna aliyepata kuwaandikia barua ya kustaafu. Leo twapenda kusema habari za mmojawapo wa hao, naye ni mvuvi mzee wa pwani yetu.

Mvuvi haachi kazi kwa sababu ya tarehe. Huacha macho yakishindwa kuziona alama za nchi kavu, au mikono ikishindwa kuvuta mshipi, au chombo kikioza pasipo fedha ya kutengeneza kingine. Ukipita alfajiri katika pwani yo yote, kutoka Moa hadi Msimbati, utawaona wazee wenye mvi wakisukuma mitumbwi yao majini, na akina mama wa makamo na wazee wakisubiri maji yakupwe ili waende miambani kutafuta pweza. Hao nao ni wafanyakazi, na jasho lao lina chumvi kama jasho la mtu wa kiwandani.

Hivi karibuni tulikuwa katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga. Ilikuwa siku ya bamvua, yapata saa sita mchana, na maji yalikuwa yameanza kujaa. Mzee mmoja alirudi peke yake katika mtumbwi wa mwembe wenye viraka vitatu. Kwa hesabu yake mwenyewe ana miaka 78. Vijana wawili waliingia majini mpaka magotini wakamsaidia kuuvuta mtumbwi mchangani. Tulimwamkia, naye akaitikia marahaba, kisha akatuonyesha alichopata: changu wanne, tasi kiasi cha kujaza kikapu kidogo, na pono mmoja. Aliuza changu watatu hapo hapo pwani. Waliobaki walikwenda jikoni kwake na kwa jirani yake mjane.

Tulidhani atajilaza. Badala yake aliketi barazani, akaagiza aletewe sanduku lake.

YALIYOMO SANDUKUNI

Sanduku lenyewe ni la mbao, refu kama mkono wa mtu mzima, na bawaba zake zimeliwa na kutu. Ndani yake alitoa kitu kimoja kimoja na kukiweka juu ya mkeka, kama mtu apangaye sahani za karamu. Palikuwa na chubwi tano za risasi ambazo baba yake alizimimina katika tundu la mchanga wenye unyevu. Palikuwa na ndoana nene za papa zilizofuliwa na mhunzi wa kijiji, na nyingine nyembamba za dukani zilizotoka Norway, nchi ambayo kampuni ya Mustad ilianza kutengeneza ndoana mwaka 1877. Palikuwa na kata ya mshipi wa pamba, rangi yake ya hudhurungi, maana zamani mshipi na wavu vililowekwa katika maji ya magome ya mkoko ili visioze upesi. Palikuwa na sindano ya mti ya kushonea nyavu, iliyolainika kwa kushikwa mpaka ikang'aa.

Mwisho akatoa kibao. Ni kipande cha mti mgumu, bapa, chenye upana wa vidole vinne, kingo zake zimelika kidogo. Tulimwuliza kina kazi gani. Akatueleza kwamba hicho ndicho kipimo cha matundu ya wavu. Mshonaji hupitisha uzi juu ya kibao, akafunga fundo, kisha akakisogeza mbele, na hivyo kila tundu likawa sawa na mwenzake. Baba yake alikipata kwa baba yake. Na nyumbani mwao ilikuwa mwiko kushona wavu wa jarife kwa kibao chembamba kuliko hicho. Kijana aliyefanya hivyo ili apate samaki wengi alifumuliwa kazi yake yote mbele ya wenzake, akaambiwa aanze upya.

Mzee hatumii vyote hivi leo. Mshipi anaovulia sasa ni wa nailoni, naye hana haya kukiri kwamba ni bora kuliko wa pamba, maana hauozi wala hauhitaji kuanikwa kila jioni. Lakini chubwi bado ni zile zile za baba yake, na kila mwaka huzihesabu. Tuliambiwa kwamba mgeni mmoja alipita akataka kulinunua sanduku zima, akalitundike ukutani mwa nyumba ya wageni. Mzee alimkatalia kwa upole. Alimwambia kwamba vitu hivi havijastaafu.

Jambo linalomnyima usingizi ni jingine. Wanawe wawili wamefariki. Mjukuu wake wa kiume anaendesha bodaboda mjini, naye ni kijana mwema amletaye babu yake sukari na mafuta ya taa, lakini bahari haitaki. Wapo vijana kijijini walio tayari kuuchukua mtumbwi hata kesho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kibao.

MANENO TULIYOYASEMA SISI

Hapa yatupasa tuseme ukweli juu ya nafsi zetu. Sisi tunaoandika na kuhutubia tumezoea kuziita zana za namna hii zana duni. Neno hilo limo katika hotuba, katika taarifa na katika makala zetu. Tulitaka mvuvi apate mashine, wavu mkubwa na barafu, na mpaka leo hatuoni kosa katika kumtakia hayo. Mtumbwi wa kafi hauwezi kumwokoa mtu upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, wala hapana sifa yo yote katika mzee kufa maji kwa kukosa chombo madhubuti.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba pamoja na udhaifu wa chombo, maarifa yaliyokuwamo nayo ni dhaifu. Tulitazama mti na uzi, hatukutazama kipimo. Wahenga walituonya wakasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi tukauacha mbachao, na kisha tukashangaa kuona msala umepita.

Hebu tufikiri pamoja, ndugu msomaji. Wavu wa pamba ulikuwa na kasoro ya kuoza. Kwa sababu hiyo mvuvi alilazimika kuuanika, kuutia dawa ya magome na kuushona, na siku hizo za kuushona zilikuwa siku za mwamba kupumzika. Tena wavu wa pamba ukipotea baharini uliisha wenyewe. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935, na katika miaka ya 1950 nyavu zake zilikuwa zimeanza kuenea katika maji ya Afrika Mashariki. Ni uzi wenye nguvu, nao umewalisha watu wengi. Lakini wavu wa nailoni ukikatika na kubaki mwambani huendelea kunasa na kuua pasipo mwenyewe, na hakuna alaye samaki hao. Uzi mpya ulikuja na nguvu mpya, ila haukuja na mwiko wake. Mwiko ule ulikuwa katika kibao, nacho kilibaki sandukuni.

Chukua mfano wa dema. Dema ni mtego wa kusuka kwa fito na vipande vya mianzi, mwenye mlango wa kuingilia ambao samaki hauoni tena akisha kuwa ndani. Dema halirithiwi, maana halidumu majini. Kinachorithiwa ni mkono wa kulisuka. Msukaji mwenye adabu huacha matundu mapana ili wadogo watoke. Msukaji mwenye pupa huyabana. Nchini Kenya watafiti wa samaki wa miambani walijaribu kuyatia madema nafasi maalumu ya kutokea, wakaona kwamba samaki wachanga walitoka, na wale wakubwa wenye thamani walibaki. Yaani maabara ilifika pale pale alipokuwa amesimama msukaji mwenye adabu, na sisi twafurahi kwamba imefika.

Chukua mfano mwingine, mchungu zaidi. Kwa miaka mingi pwani ya Tanga ilisikia milio ya baruti. Mtu hutupa baruti dakika moja, hukusanya samaki wanaoelea, wengi zaidi huzama chini wakaoza, na matumbawe yaliyojengwa kwa miaka mingi huwa kifusi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza baruti na sumu, na serikali imefanya misako mikali iliyopunguza sana uovu huo. Lakini askari hawezi kulala juu ya kila mwamba. Mzee wetu anakumbuka miamba mitatu aliyokuwa akivua ujanani ambayo leo haina kitu. Aliitaja kwa majina, kama mtu atajaye marehemu wake.

Samaki walipopungua karibu, nyavu zilikwenda mbali na chini zaidi. Ndipo tangu mwaka 2003 majarife yaliyotegwa katika kina kirefu yakaanza kumnasa silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka zama za kale kabisa, hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Dunia ilishangilia, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ni vizuri. Lakini sisi twaona pia upande wa pili wa habari hiyo: jarife lilifika nyumbani kwa silikanti kwa sababu kwa jirani hapakuwa na kitu tena.

KITABU KISICHOANDIKWA

Zana hizi hazitembei peke yake. Pamoja nazo yako maarifa ambayo mzee anayo kichwani, na ambayo hayajaandikwa popote. Mzee haendi mwambani kwa kubahatisha. Hulinganisha mnara wa msikiti na mnazi fulani, na kilima na ncha ya mikoko. Alama hizo mbili zikikutana hushusha nanga, naye huwa juu ya shimo la changu asilolikosea hata dhiraa kumi. Anajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua yenye kwenda kasi, na kwamba katikati yake huja maji mafu ambayo mshipi husimama wima. Anajua kuhesabu siku za mwaka kwa miongo tangu Nairuzi, hesabu waliyoitumia mabaharia na wakulima wa pwani kabla ya kalenda za kutundika ukutani. Anajua matlai, umande, kaskazi na kusi, na samaki gani huja na upepo gani.

Siku mzee huyu atakapozikwa, kitabu chote hicho kitazikwa pamoja naye. Hapatakuwa na nakala.

KWA NINI BADO ANAVUA

Tulimwuliza kwa nini asipumzike. Alicheka kwanza. Kisha akatoa majibu mawili, nasi twayaona yote mawili kuwa ya kweli. La kwanza, asipovua hali. La pili, asipovua huugua. Siku tatu za kukaa nchi kavu na viungo huanza kumuuma.

Wako watu ambao husikia jibu la pili tu. Huwasifu wazee wanaovua, huwapiga picha, husema ni mashujaa, kisha hupanda gari wakaenda zao. Twasema hiyo siyo heshima. Mtu wa miaka 78 avue kwa sababu apenda, siyo kwa sababu akiacha atalala na njaa. Tofauti ya mambo hayo mawili ni pensheni.

Wala hatusemi jambo lisilowezekana. Unguja na Pemba, tangu Aprili 2016, serikali ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 pensheni jamii, bila kumwuliza kama alipata kuajiriwa au kuchangia mfuko wo wote. Kiasi cha mwanzo kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo si nyingi, lakini ilikuwa na maana kubwa: kwamba mvuvi, mkulima wa karafuu na mama wa mwani wameitumikia nchi sawa na karani. Kenya nayo, mwaka 2018, iliwafungulia wazee wa miaka 70 na zaidi malipo ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Huku Bara mvuvi anaruhusiwa kujiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii na kuchangia kwa hiari, na twawahimiza vijana wa pwani wafanye hivyo mapema. Lakini mzee wa miaka 78 hawezi kuanza kuchangia leo.

Na wako wengine duniani wa kujifunza kwao. Katika kisiwa cha Jeju, Korea ya Kusini, wapo wanawake wazamiaji waitwao haenyeo. Wengi wao wamepita miaka 60, na wapo waliopita 80. Huzama bila chombo cha kupumulia, hufika hata mita kumi, na hutoa konokono wa baharini na mwani. Kwa muda mrefu wamekataa mitungi ya hewa, kwa sababu wanajua kwamba anayepumua chini ya maji atachukua kila kitu. Pumzi ya binadamu ndiyo kibao chao. Wana vyama vyao, wazee huwafundisha wadogo, na mwaka 2016 UNESCO iliingiza kazi yao katika orodha ya urithi wa binadamu. Wanawake wetu wa pweza, wanaoijua kila pango la mwamba na kuokota kwa fimbo tu, wanastahili kutazamwa kwa jicho hilo hilo.

TUFANYE NINI

Maneno matupu hayavunji mfupa, basi na tuseme yanayowezekana.

Kwanza, vikundi vya usimamizi wa uvuvi vilivyomo katika vijiji vya pwani viwape wazee kazi ya heshima. Kila kikundi kimchague mzee mmoja au wawili, wanaume na wanawake, wawe walimu wa zana, wa alama na wa maji, na kijana anayeomba leseni ya uvuvi akae nao kwa muda. Malipo ya mwalimu huyo yatoke katika fungu la kikundi. Yawe madogo, lakini yawe na jina.

Pili, vyuo vya uvuvi, kama kile cha Mbegani karibu na Bagamoyo, viwaalike wazee hao darasani pamoja na sanduku zao. Mwanafunzi ajifunze mashine, barafu na hesabu kwa mtaalamu, na ajifunze kipimo kwa mzee. Mambo hayo mawili hayagombani. Na yanayosemwa yaandikwe: majina ya miamba, ya pepo, ya sehemu za dema na za mtumbwi. Mengi ya maneno hayo hayamo katika kamusi zetu.

Tatu, suala la pensheni ya wazee wasioajiriwa lisiachwe kuwa habari ya visiwani na ya majirani tu. Ninyi wafanyakazi wenye vyama, ambao mnajua thamani ya kupumzika kwa sababu mliipigania, lisemeeni. Haki inayoishia kwenye lango la kiwanda ni haki ya nusu.

Nne, kila mmoja wetu aangalie kikapu chake. Anayenunua samaki wachanga sokoni kwa sababu ni rahisi, naye ameshika wavu wenye matundu madogo, japokuwa hajapata kulowa maji ya bahari.

Tulipokuwa tukiaga, mzee alivirudisha vitu vyake sandukuni kwa utaratibu ule ule alivyovitoa: sindano, mshipi, ndoana, chubwi. Kibao alikiacha mkononi. Palikuwa na msichana wa jirani, umri wake yapata miaka kumi na miwili, aliyekuwa amesimama akitazama tangu mwanzo. Mzee alimpa akishike. Msichana alikigeuza geuza, akapima vidole vyake juu yake, akauliza kwa nini kisiwe chembamba zaidi ili samaki wasitoroke. Mzee alimwambia aketi, ndipo atamweleza.

Tuliwaacha barazani, mzee akieleza na mtoto akisikiliza. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Twawasihi viongozi wa vijiji vya pwani, na walimu, na wote wenye mamlaka juu ya jambo hili, wasingoje mpaka mazungumzo hayo yawe ya mwisho. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee hawangoji.